Boyi, Mwana wa Ngozi

Faida,

Usitafute salamu. Salamu uko nazo mingi. Tangu jana nyumba imejaa bamama, kila mumoja anakusalimia na kukutilia kitu ndani ya sanduku: sufuria, chumvi, vitenge, hata ndakala kavu, sawa vile kule Albertville hakuna samaki. Ziwa ni ile ile moja! Nimebaambia. Bakacheka, bakasema, "Papa Asukulu, toka hapa, hii haiko kazi ya banaume." Basi nimetoka. Niko nyuma ya nyumba, jua ingali juu, karatasi nimeiweka juu ya sanduku ya sabuni, na kuku banapita kati ya miguu yangu.

Namna ya kukaa na bwana sitakufundisha. Bashangazi bako bamekufundisha mpaka masikio imechoka, na mama yako, Mungu amupumzishe, angekufundisha muzuri kuliko bote. Mi niko na jambo moja tu, na ni chungu. Kesho asubuhi kamiyo ya bakwe itakuja, utapanda, utaenda. Kama sisemi leo, sitasema tena, juu mi ninajijua.

Nianze na ile siku ya mahari. Unakumbuka namna tulikaa pale lubunga, ile baraza yetu ya banaume: bakwe upande wa ziwa, sisi upande wa mulima. Yaya yangu Wilondja, ndugu yangu mukubwa, akasimama kutuhesabia ukoo, juu kwetu hakuna mwenye anapewa binti bila kusikia binti anatoka kwa nani. Akahesabu kwa vidole: Faida, mwana wa Asukulu, mwana wa Mlondani, mwana wa Byaombe, akapanda vile mpaka kwa ule muzee mwenye alishuka kutoka Itombwe na imbwa yake mbili. Alihesabu muzuri. Hata mi nilinyoosha mugongo.

Kisha muzee wa bakwe akauliza, "Na huyu baba ya binti, kazi yake ni nini?"

Faida, nilifungua kinywa. Neno haijatoka, Wilondja akanikata: "Ni kapita. Kapita mukubwa, musimamizi wa magazini kwenye banaweka pamba, hapa hapa Baraka."

Nikakutazama. Ulikuwa umekaa nyuma ya bashangazi, kichwa chini. Haukushituka hata kidogo. Pale ndipo nilijua ni we ulimuomba aseme vile.

Nikafunga kinywa. Ule muzee akafurahi sana, akaanza kuniuliza mambo ya pamba: mwaka huu namna gani, mvua imeharibu ao haikuharibu, kampani itapandisha bei? Na mi nikamujibu! Nilijibu moja kwa moja, sawa kapita wa kweli. Unajua nilitoa wapi ile maarifa? Miaka yote hii nasimama nyuma ya kiti ya Bwana Polepole na sahani mukononi, na ile muzungu kazi yake ni kununua pamba, basi anaongea pamba kwa supu, pamba kwa nyama, pamba kwa matunda. Muzee wa bakwe akapiga goti yake, akasema, "Huyu ni muntu wa kazi kweli."

Nilikukasirikia. Sitaficha, ninakukasirikia hata sasa. Ninajua sababu yako. Bwana wako ni karani, anatafuta ile karatasi ya ba-évolué, yenye bazungu banapatia bantu beusi benye banaona bamestaarabika, na bazungu bataingia nyumbani kwenu kuangalia kama munakula kwa mesa na kwa uma, kama bibi anajua kusoma, kama ukoo ni ya heshima. Baba-mukwe boyi! Ataharibu mambo. Ninaelewa yote. Lakini kuelewa haipunguzi maumivu. Ile magaribi nilienda kando ya ziwa nikakutukana peke yangu, mpaka bavuvi bakafikiri nimelewa.

Wakati wa kurudi, karibu na njia ya misioni, nikakumbuka bonbo, ile pipi ya miaka ile. Hasira ikaniacha pale pale, haya ikashika pahali yake.

Ile bonbo hatujaiongea hata siku moja, we na mi. Tuiongee sasa.

Ilikuwa siku ya Mungu, misa imeisha, we ungali mutoto mudogo. Bwana Polepole alikuwa na mugeni, Muingereza wa ng'ambo, wa Kigoma, mwalimu muzee mwenye alikuja na boti kuvua sangala. Na we unajua sababu gani tulimuita bwana yangu Polepole: hapigi kelele, hapigi muntu, anatembea polepole, anakasirika polepole. Bantu banasema ni muzungu muzuri. Ni kweli, sibishi. Mubaya ningejua namna ya kumuchukia.

Sasa Muingereza hakujua Kifaransa sana, na Bwana Polepole hakujua Kiingereza. Basi bazungu wawili, na divai kwa mesa, balikuwa banaongea Kiswahili! Mumoja Kiswahili ya Tanganyika, mwingine ya kwetu, kila muntu anavunja upande wake. Ningecheka, lakini boyi ya mesa hacheki. Balisahau kabisa kama na mi ninasikia Kiswahili.

Bwana Polepole akaita, "Boyi! Leta ndimu."

Nikaleta. Muingereza akatabasamu, akasema, "Unajua hilo neno unalomwitia si lenu? Mliliazima kwetu."

"Neno gani?"

"Boi. Kwetu maana yake ni mtoto mwanamume."

Bwana Polepole akanigeukia, akaangalia mvi yangu. "Huyu mutoto amekomaa," akasema. Bakacheka bote wawili, kwa upole.

"Ngoja," Muingereza akasema. "Zamani hata kwetu halikuwa mtoto. Lilikuwa mtumishi, mtu wa chini, hata akiwa mzee." Akaweka uma, akainua mukono, na Faida, akaanza kuhesabu kwa vidole! Namna moja na Wilondja. Akasema bantu ya vitabu bangali banabishana, hakuna mwenye alikuwa pale, lakini kuna benye banasema Baingereza baliitoa kwa Bafaransa ya zamani, na kwa bale ilikuwa muntu mwenye amefungwa. Bafaransa baliitoa kwa Kilatini, ile ile ya padri kwa altari, na kwa Kilatini ilikuwa kifungo yenyewe, ya shingo na ya muguu, yenye balifungia bafungwa. Na Kilatini iliitoa kwa Bagiriki. Na kwa Bagiriki ilikuwa ngozi ya ng'ombe tu, juu vifungo ya kwanza balikata kwa ngozi.

Nikahesabu na mi, ndani ya kichwa, sahani ya sangala mukononi. Boyi, mwana wa mutumishi, mwana wa mufungwa, mwana wa kifungo, mwana wa ngozi.

"Tiens," Bwana Polepole akasema. "Ngozi." Akachukua kipande ingine ya samaki.

Ngozi mi ninaijua. Baba yangu Mlondani alilazwa chini mbele ya kijiji muzima, kapitula imeshushwa, juu hakupalilia shamba ya pamba kwa wakati. Fimbo ilikuwa ya ngozi ya kiboko. Nilikuwa kijana, balitulazimisha kuangalia. Ile siku niliapa: pamba sitalima, nitaingia kwa nyumba ya muzungu, nitavaa vesti nyeupe, hakuna mwenye atanigusa. Na kweli hakuna amenigusa. Nilizani nimeiruka ile ngozi, nimefika ng'ambo. Kumbe kila siku balikuwa bananiita nayo, na mi ninaitika, "Bwana!"

Ndipo we ukaja, ningali nimesimama kwa mesa yao pale barza.

Bamaseri, batawa ya misioni, balikuwa bamekufundisha kushona, na ile asubuhi kitambaa yako ilishinda ya bote: maua mekundu, na jina yako kando, FAIDA, herufi imeinama kidogo. Meno yako ya mbele ilikuwa haijaota. Ulikimbia kutoka misioni mpaka kule na ulijua ni marufuku, juu boyi haleti bantu yake kwa nyumba ya bwana. Boyi mwenye alinitangulia kwa ile kazi balimufukuza juu bibi yake alikuja kuomba chumvi. Lakini furaha haijui marufuku. Ulipanda ngazi ya barza, kitambaa juu ya kichwa sawa bibi-arusi, unaita kwa nguvu: "Baba! Baba, angalia!"

Bwana Polepole akageuka. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Boyi, huyu mutoto ni wa nani?"

Sasa sikiliza, juu ni hapa. Kazi, ndiyo, niliogopa kuipoteza. Lakini haiko kazi yenye ilinifunga kinywa. Kwetu bakiuliza mutoto ni wa nani, ule mwenye anasema "ni wangu" amemuingiza kwa ukoo yake mbele ya bashahidi, na haitoki tena. Na ile dakika mi sikuwa Asukulu mwana wa Mlondani. Muingereza alikuwa angali na mukono juu, vidole wazi. Nikisema ni wangu, ataongeza moja: binti ya boyi, mwana wa mutumishi, mwana wa mufungwa, mpaka kwa ngozi. Nilizani ninakukinga, mama yangu. Nilizani ninakuacha inje ya ile hesabu.

Nikasema, "Simujui, bwana. Ni mutoto wa njia."

Ulisimama. Kitambaa ikashuka kutoka kichwa ikabaki mukononi. Muingereza, ule muzee alikuwa na roho nzuri, akatafuta kwa mufuko, akatoa bonbo ya karatasi ya manjano, akakunyooshea. We ukapokea na mikono miwili, vile bamaseri bamefundisha. Ukasema, "Merci, bwana." Mi haukunitazama. Ukashuka ngazi polepole, na mi nikaanza kukusanya sahani.

Nilifika nyumbani, mama yako ameweka bukari na sombe. Kando ya sahani yangu kulikuwa bonbo, karatasi yake haijafunguliwa. Mama yako akauliza, "Hii imetoka wapi?" Ukajibu, "Iko ya boyi ya Bwana Polepole." Alicheka, maskini, alifikiri ni muchezo wenu wa baba na binti.

Ningesema kitu ile saa. Kinywa nilikuwa nayo, na bazungu hawakuwa pale. Nilisema, "Kula, bukari inapoa." Baba wa namna gani! Nilijitukana, nikala, nikalala. Kile kitambaa sijakiona tena, na kukuuliza sikusubutu.

Kutoka ile siku uliniita Baba ndani ya nyumba tu. Njiani, ukiwa na benzako ya shule, ulinipita namna muntu anapita muti. Siku moja nilikuletea mihogo pale kwa bamaseri, mwenzako mumoja akauliza huyu ni nani, ukasema, "Ni muntu wa kwetu." Nikaweka kikapu chini nikaenda. Bazee banasema mutoto umuleavyo ndivyo akuavyo, na bakisema banafikiri adabu na kufagia kiwanja. Mi nilikulea ile siku moja kwa neno moja, na ukakomaa nayo. Kwa lubunga ulinirudishia, na mikono miwili.

Kwa hiyo sitasema ulikosa. Sina uso ya kusema vile. Lakini kuna kitu haujui, na Wilondja alijua akakunyamazia juu alitaka mambo iishe muzuri. Ule mwenye alimushitaki babu yako Mlondani kwa bazungu, ule mwenye alisimama kando anahesabu fimbo kwa sauti ili hata moja isipotee, hakuwa muzungu. Alikuwa muntu wetu, na kofia nyekundu. Alikuwa kapita ya pamba. Kati ya kazi yote ya dunia, Faida, umenivalisha ile! Ungesema mi ni muvuvi, ungesema nimekufa, ningelala. Sasa batoto bako batauliza babu yao alikuwa nani, utabaambia kapita, na batajisifu kwa benzao.

Miaka yote nimewaza juu ya vidole ya ule Muingereza. Sikumuchukia, alipenda maneno yake namna muntu anapenda mbuzi zake, anajua kila moja imezaliwa na gani. Lakini alihesabu neno, hakuhesabu muntu. Ile neno ilitembea kutoka ngozi mpaka kinywa ya Bwana Polepole, kila kabila inaiazima kwa ingine, na hakuna hata mumoja mwenye alisimama kuuliza: ule mwenye alikuwa ndani ya kifungo, jina yake nani? Alikuwa na jina. Labda alikuwa na binti mwenye alishona maua mekundu. Na mi, mwenye kufungwa mwenyewe, baliponiuliza, nilibasaidia. Nilificha jina na binti pamoja. Hakuna muzungu alinituma. Ile uchungu ni yangu peke yangu, na nimekufunza we kuirisi.

Juzi nilienda kwa Bwana Polepole kuomba ruhusa. Nikasema, "Bwana, siku ya kamiyo sitakuja asubuhi. Mutoto wangu anaolewa."

Akainua kichwa, polepole. "Boyi, we iko na mutoto?"

Miaka yote hii! Nimemupikia, nimemufulia, nimemukanda miguu wakati wa homa. "Ndiyo, bwana," nikasema. "Jina yake Faida." Ni mara ya kwanza jina yako kutoka kinywani mwangu ndani ya ile nyumba, na nikasikia haya. Akanipongeza kwa Kifaransa, "Félicitations." Kisha akauliza nani atapika kahawa.

Basi, kesho. Balitaka nivae tena ile koti ya Wilondja, yenye balinivalisha siku ya mahari, na mikono yake inanifunika vidole. Nimekataa. Nitavaa vesti yangu nyeupe ya vifungo ya shaba, nimeipiga pasi leo asubuhi. Bakwe bataijua bakiiona tu, Albertville imejaa boyi. Sitapiga kelele, sitamuaibisha muntu, Wilondja asiogope. Nitasimama kando ya sanduku yako. Na ule muzee wa bakwe, na macho yake ile, atauliza, "Lakini huyu ni nani?" Wilondja nimemukatalia kujibu. Amenuna, lakini ameapa. Utajibu we.

Ukisema ni boyi, nitabeba sanduku, nitaipandisha kwa kamiyo, nitasema, "Safari njema, madame." Ninajua kusema vile, ni kazi yangu, na sitakulaani. Ukisema haunijui, tumelipana, na hapo tena sitakulaani. Lakini ukisema ni baba yako, ujue unaingia kwa ukoo yote mbili, ya Mlondani na ya ngozi, na haitoki tena. Labda bakwe batakasirika. Labda bwana wako atakuangalia vibaya mpaka Albertville. Sitakudanganya kama itakuwa rahisi. Mi nilikuwa na mugeni mumoja na muzungu mupole mbele yangu, na nilishindwa. We utakuwa na kamiyo muzima.

Bamama bananiita, bukari iko tayari. Leo mi ndiye nitakuandalia, na bacheke. Hii barua nitaiweka chini ya sahani yako, upande wa kushoto, namna tunabawekea bazungu barua yao. Usiisome mbele ya bantu.

Bwana Polepole aliuliza huyu mutoto ni wa nani. Nimechelewa kujibu, lakini ninajibu.

Ni wangu.

Asukulu, mwana wa Mlondani, mwana wa Byaombe,
boyi